Mnunuzi Anapomchagua Mkulima



Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria inayowataka wanunuzi wathibitishe kwamba bidhaa wanazoingiza hazikutoka katika ardhi iliyofyekwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Humo umo mpira wa matairi ya magari, na imo kahawa, hii tuipandayo hapa Mbinga. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Hata hivyo, yataka mahali lilipo kila shamba pajulikane.

Shabaha hiyo hatuipingi. Wamatengo walihifadhi udongo wa miteremko kwa ngoro zamani sana, wala hakuna aliyewalipa kwa hilo. Twauliza tu: gharama ya kupima mashamba ataibeba nani? Kiwanda, kiwe cha matairi au cha kahawa, chaweza kumwacha muuzaji asiye na hati kikamtafuta mwingine. Mkulima wa ekari moja atakimbilia wapi?

Viongozi wa vyama vya msingi, kabla ya kumruhusu yeyote kupima mashamba, ulizeni vipimo vitabaki mikononi mwa nani. Kila mkulima apewe nakala yake, asije akafungwa kwa mnunuzi mmoja.