Kabla ya Kulala, Andika Mambo Matatu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, Machakos)

Najua wengine mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja, hata chai hamjanywa. Sitawachosha.

Nianze na kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Tulikuwa wauguzi wawili, akina mama kumi na saba. Saa tisa ya usiku mama mmoja kijana aliniita mara ya nne. Nikamgeukia: "Kwani uko peke yako hapa?" Akanyamaza. Alijifungua salama, lakini alipoondoka hakuniaga. Njiani nikajiuliza, huyu aliyemfokea mgonjwa ni nani? Maana mimi niliingia kazi hii kwa kupenda watu.

Jamani, uchovu wa kawaida ukilala unaisha. Huu mwingine unalala nao na kuamka nao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba unatokana na mkazo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuona kwamba unachofanya hakina faida. Nani kati yetu hazijui?

Sasa kuna zoezi dogo. Mwaka 2005 Martin Seligman wa Marekani na wenzake walitangaza matokeo yake. Watu waliandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri na sababu zake. Miezi sita baadaye bado walikuwa na furaha zaidi kuliko mwanzoni. Halafu watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wakalipeleka kwa wahudumu wa afya 228, kwa siku 15. Matokeo yalitoka 2019: uchovu wa moyo ulipungua, na hata baada ya miezi 12 nafuu ilionekana. Niseme ukweli, utafiti huo wa Duke haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hivyo tusiuite dawa ya kila kitu. Lakini gharama yake ni daftari na kalamu.

Linafanyaje kazi? Moyo wa binadamu hushika mabaya upesi. Wagonjwa ishirini wakipona na mmoja akafa, nyumbani unakwenda na yule mmoja. Ninyi ni watu wa Ukambani, mnajua mitaro ya fanya juu. Mvua isipozuiwa inateremka mlimani na udongo wetu wote. Wazee na akina mama wa mwethya walichimba mtaro, wakatupa udongo upande wa juu, maji yakasimama yakazama shambani. Mvua haikuongezeka. Ila ile kidogo iliyonyesha haikupita bure. Mema ya zamu yetu nayo yapo, yanapita tu.

Fanya hivi:

1. Karibu na saa ya kulala, chukua daftari.

2. Andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri leo, hata madogo.

3. Kwa kila moja andika wewe ulichangia nini, na ulijisikiaje.

4. Endelea siku 15. Ukiruka siku moja, usijilaumu, endelea kesho.

Najua mtu ataniuliza, "Sista, daftari litalipa mshahara?" Hapana. Madaktari wetu waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na tena siku 56 mwaka 2024. Hawakugoma kwa kukosa daftari. Wauguzi wawili kwa akina mama kumi na saba ni hesabu mbaya, na lazima tuendelee kuisema. Mkubwa yeyote asilitumie zoezi hili kutunyamazisha. Mimi naona mtu aliyebaki na moyo ndiye mwenye nguvu ya kudai haki yake, na ya wagonjwa.

Tena, kama huzuni haiondoki kwa wiki nyingi, huli, hulali, au unawaza kujidhuru, usikae na daftari peke yako. Mwambie mwenzako leo, umwone daktari. Sisi tunaowapeleka wengine hospitali huona aibu kwenda wenyewe, sivyo?

Usiku wa kwanza nilikaa na kalamu muda mrefu, sikuona kitu. Mwishowe nikaandika: "Mtoto wa kitanda cha sita amenyonya. Nilimsaidia mama yake kumshika vizuri. Nilifurahi." Nikashangaa, kwa sababu jambo hilo lilitokea saa nne asubuhi na nilikuwa nimeshalisahau kabisa.

Yule mama kijana sikumwona tena, na ningependa kumwomba msamaha. Lakini baada yake walikuja wengine wakaniita mara ya nne, hata ya tano, nami nikaenda.

Basi, leo usiku, kabla ya kuzima taa, mambo matatu.