Fundi Magari, Ujuzi Wako Uvuke Mpaka

Msikilizaji, wapo mafundi wa gereji za Arusha wanaosikia tu mlio wakajua injini inamisi na plagi ipi imekufa. Wakivuka mpaka wa Namanga kutafuta kazi Nairobi, Kenya, wanaulizwa karatasi. Inauma, kwa sababu mikono hiyo inajua kazi.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti, uzoefu na leseni. Lakini lazima uwe na cha kutambuliwa. Ulijifunzia kazini? Nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, uliza kuhusu urasimishaji wa ujuzi. Utapimwa kwa vitendo, vifaa mkononi. Aliyeko Kenya aulize NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani huko, kuhusu majaribio ya ufundi. Na kibali cha kazi, ndugu yangu, bado kinahitajika.