Tumbaku Hii ni ya Nani?
Maneno ya mwenezi wa Chama kwa wanachama wa Sikonge

Ndugu wanachama, akina mama na akina baba, leo sikuja na habari za uchaguzi. Nataka tusemezane juu ya fedha ya tumbaku.

Nani humwagilia kitalu? Mama. Nani huchuma majani, huyafunga kwenye fito, hukesha akichochea moto wa bani? Wote wawili, na watoto pia. Nani huchambua madaraja? Mama tena, mtoto yu mgongoni. Lakini siku ya malipo, mara nyingi jina lililomo katika kitabu cha chama cha msingi ni la baba peke yake. Na wako wengine, tusifichane, ambao huoa mke wa pili kwa jasho la wa kwanza.

Mtasema ni mila. Mila gani? Babu zetu walipobeba mizigo kwenda Bagamoyo, safari ya miezi, nani alilima huku nyuma? Tena tumbaku hii ya kuuza ng'ambo ni jambo la karne iliyopita tu, haina mila ya kusingizia.

Sheria ya Ndoa ya 1971 imeipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyochuma mume na mke, ndoa ikivunjika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali hiyo, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya mke aliyetia nguvu zake katika shamba lenye jina la mumewe.

Lakini kwa nini mama angoje talaka ndipo ahesabiwe?

Baba mmoja ataniuliza, "Nimelipa mahari, nigawane tena?" Ndugu yangu, mahari uliwapa wakwe zako. Kazi ya msimu huu hukuilipa bado.

Basi kabla ya msimu ujao kila mama mkulima aombe uanachama wa chama cha msingi kwa jina lake, na siku ya mizani awepo, aone kilo na bei. Nanyi akina baba, ndoo ya kitalu haina jinsia, ichukueni. Asiyejua kuandika asione haya. Anifuate baada ya mkutano tujaze fomu pamoja. Nimekuja na kalamu.