HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA KUTIMIZA MIAKA KUMI

Ndugu Mgeni Rasmi, Ndugu Mtendaji wa Kata, Bibi Maendeleo wetu, akina mama wanakikundi, na akina baba mliotusindikiza (mbona mmekaa nyuma, sogeeni):

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha leo. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tunawakumbuka.

Mwaka 2015 tulianza tukiwa 22, chini ya mwembe. Wengi tulitoka kwenye upatu. Upatu si mbaya, ila zamu yako ikipita imepita, mtoto akiugua kesho yake huna pa kukimbilia. Tukafundishwa mambo ya hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Tuliambiwa utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini kama sisi. Tulipoletewa sanduku lenye kufuli tatu tulicheka sana. Kufuli tatu za nini na sanduku lenyewe tupu? Sasa tunajua. Anayelala na sanduku hana ufunguo, na wenye funguo hawalali na sanduku.

Sasa hili neno uongozi shirikishi. Tunalisikia semina, tukitoka tunaliacha pale pale na chupa za maji. Kwetu sisi maana yake ni hivi: kila Alhamisi kabla ya kufunga sanduku, salio linatajwa kwa sauti na wote tunalishika kichwani. Alhamisi inayofuata, kabla halijafunguliwa, tunaulizana limebaki kiasi gani. Na mara nyingi wa kwanza kujibu ni yule mama asiyejua kusoma. Katibu anaandika, yeye anakumbuka, na daftari halijawahi kumshinda. Basi nani hapo ni kiongozi na nani anaongozwa?

Mwaka 2021 tulipata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao 4 ni za wanawake. Hauna riba, lakini deni ni deni, tena la kikundi kizima. Tukashauriwa tufuge kuku wa mayai. Viongozi tulikuwa na haki ya kusaini siku ile ile, lakini tulirudisha shauri kwenye mkutano. Alhamisi tatu tulibishana! Mwenzetu muuza maandazi akauliza, "Nani atalala na hao kuku, na wakifa tutamlipa nani nyama?" Kila mtu kimya. Ndipo tukahesabu harusi na misiba ya kata yetu, tukanunua viti, maturubai na masufuria ya kukodisha. Mkopo tumeumaliza. Viti mlivyokalia leo ni vyenyewe.

Tuseme na la moyoni, maana wageni si wageni sana. Siku hizi tuko 28 na mikutano inachelewa kwisha. Wapo wenzetu wanaotaka maombi ya mikopo yaamuliwe na kamati peke yake, na viongozi waliopo waendelee tu kwa kuwa wamezoea. Sisi viongozi hatukubali. Leo mama anasimama mbele ya wote anasema anataka kiasi gani na cha nini, na tunapima kama hajazidisha mara tatu ya akiba yake. Aibu kidogo ipo, ndiyo. Lakini yakiamuliwa na watu watano jikoni kwa Mwenyekiti, tutaanza kukopeshana kwa undugu na ushoga. Atakayenyimwa hatajua kwa nini, atakwenda kwa wale wa kausha damu, na tunawajua waliochukuliwa mpaka magodoro. Kama tatizo ni muda, tuanze saa nane kamili na faini ya kuchelewa ilipwe, hata na Mwenyekiti.

Kwa hiyo Alhamisi ijayo uchaguzi upo. Kura ni kwa kokoto, nyuma ya pazia, kama kawaida yetu. Mwenyekiti na Mtunza Sanduku tumemaliza vipindi viwili vya katiba, hatugombei. Wasichana walioingia juzi jitokezeni, hesabu za simu mnatushinda.

Chakula kiko tayari, pilau inanukia mpaka huku. Ila kwanza tunamwomba Katibu asimame, na ninyi wanakikundi mumjibu: Alhamisi iliyopita sanduku lilifungwa na shilingi ngapi?