Ramani Zetu Zikutane Kabla ya Jembe Kuanza
(Mazungumzo ya Afisa Mawasiliano wa Halmashauri na wakazi wa kata)



Mara nyingi huulizwa: kwa nini kila ofisi huja na vipimo vyake? Leo hupita mpima ardhi, kesho mtu wa maji, keshokutwa mtu wa barabara. Kuuliza si ujinga, nami nitajibu pasipo kuficha.

Kila taasisi hutunza ramani ya kazi yake. TARURA, iliyoanza mwaka 2017, hushughulikia barabara za wilaya. RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, husimamia maji vijijini, na MUWSA huhudumia mji wa Moshi na viunga vyake. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani huangalia mito na vibali vya kutumia maji. TANAPA hulinda mipaka ya Hifadhi. Ramani zote hizo zaweza kuwa sahihi, lakini zisipokutana, dereva wa greda hana namna ya kujua kuwa bomba limepita chini yake. Na mifereji ya asili, iliyochimbwa na mababu kabla ya ofisi hizi zote, yaweza isiwemo katika ramani hata moja.

Hata hivyo, kukutanisha ramani si kuziweka katika kabati moja. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya GPS hutumia WGS 84. Nukta ikihamishwa bila kukokotolewa upya, husogea takribani mita 300. Ukanda wa Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani ya mifugo, una upana wa mita 800 hivi. Hapo, kosa la mita 300 laweza kukionyesha kihamba cha mtu kuwa ndani ya msitu. Tangu msitu wa hifadhi uunganishwe na Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, kosa la namna hiyo laweza kumfanya mwenye shamba aonekane mvamizi.

Kwamba kazi ya pamoja inawezekana, tumekwisha kuona. Mwaka 2022, Anwani za Makazi zilizipa nyumba namba na barabara majina, na zoezi hilo likasaidia maandalizi ya Sensa ya Agosti 23.

Rai yangu kwa ofisi zetu ni hii: zionyeshane ramani kabla ya kuchimba, na kila ramani itaje mfumo wake wa vipimo na tarehe ya kupimwa. Kinachohitajika kushirikishwa ni mahali pa bomba, njia na mpaka. Siri za mtu hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwenu wananchi: tunzeni vibao vya namba za nyumba. Wazee mnaojua banio na njia ya kila mfereji, mwongozeni mpima kwa miguu, maana huenda ujuzi huo haujaandikwa popote. Mkiona alama imewekwa pasipostahili, mwambieni mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo. Kufuta mstari kwenye karatasi ni rahisi kuliko kufukua bomba au kurejesha kihamba.