Namba na Mwenzake: Kuandika Tarakimu Zinazoeleweka

Mada iliyotolewa kwenye semina ya waandishi wa habari na wahariri, Mwanza



Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda Ukara, wilayani Ukerewe, kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga. Kwa siku kadhaa idadi ya waliofariki ilikuwa ikipanda kila taarifa inapotoka, hadi ikafikia 228. Walionusurika walikuwa 41. Uwezo wa kivuko ulikuwa abiria 101.

Mwandishi anaweza kuziandika namba hizo zote tatu kwa usahihi na bado msomaji asielewe kilichotokea. Aweke 228 kwenye kichwa cha habari, 41 katika aya ya nne, na 101 mwisho kabisa pamoja na historia ya kivuko, na kila moja itasimama peke yake. Sasa ziweke pamoja. Waliofariki 228 na waliookolewa 41 ni watu 269. Chombo cha watu 101 kilikuwa na watu wasiopungua 269, zaidi ya mara mbili na nusu ya uwezo wake. Kwa sentensi hiyo moja msomaji ameshajua swali la kuwauliza wenye dhamana, na hatusubiri tume ndiyo imwambie.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo. Namba moja haimwambii msomaji kitu mpaka apewe na mwenzake wa kuipimia, na ajue nani kaihesabu. Mengine yote nitakayogusa, kuanzia mikato na nukta hadi bilioni na asilimia, yanatokana na hapo.

Niendelee na majini, kwa sababu watu wa kanda hii tumelipa gharama kubwa huko. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikielekea Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwepo, ikiwa na majina 443, lakini wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hapo ndipo penye mzizi wa tatizo la kuandika habari za ajali ile hadi leo. Kuna wanaoandika kwamba walifariki zaidi ya 800, kuna wanaoandika 894, na kuna wanaoandika karibu 1,000. Namba kama 894 ina nguvu ya pekee kwa sababu inaonekana kama mtu alisimama akahesabu mmoja mmoja hadi wa mwisho. Lakini kama hapakuwa na orodha kamili ya waliopanda, hakuna aliyeweza kuhesabu waliobaki ndani ya meli. Mwandishi mwaminifu anayetumia 894 anasema ameipata kwa nani, kisha anaongeza sentensi fupi kwamba abiria wa daraja la tatu hawakuorodheshwa. Sentensi hiyo haipunguzi uzito wa habari. Inamheshimu aliyefiwa, ambaye anajua ndugu yake alipanda lakini jina lake halimo popote.

Kwa hiyo tusiandike "takribani watu 894". Neno takribani linasema hatuna uhakika, na tarakimu 894 inasema tunao. Chagua moja: ama "takribani 900", ama "894 kwa mujibu wa" fulani. Vilevile "zaidi ya watu 228" haina maana. Kama ni zaidi, ni wangapi, na nani kasema? Maneno hayo huingia kwenye habari kwa mazoea tu, na mhariri ayakate bila huruma.

Tugeukie fedha. Daraja la Kigongo–Busisi, lililopewa jina la Rais John Pombe Magufuli, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Lina urefu wa takribani kilomita 3 na limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Itazame gharama hiyo ikiandikwa hivi: Sh. 700,000,000,000. Jicho linaanza kuhesabu sifuri, linapotea, linakata tamaa. "Bilioni 700" inasomeka vizuri zaidi. Hata hivyo, wengi wetu hatujawahi kushika bilioni moja, sembuse 700. Mtafutie msomaji mwenzake wa namba hiyo. Ukigawa kwa mita 3,000, kila mita moja ya daraja imechukua kama shilingi milioni 233. Ukigawa kwa wakazi wa Mkoa wa Mwanza, ambao Sensa ya 2022 iliwahesabu kuwa 3,699,872, ni kama shilingi 189,000 kwa kila mtu, mkubwa na mtoto mchanga. Mvuvi wa Kayenze anaijua 189,000. Anajua inanunua nini na inapatikana kwa siku ngapi za kazi, na kuanzia hapo anaweza kulipima daraja dhidi ya saa alizokuwa akipoteza kwenye foleni ya kivuko kabla ya daraja. Mgawanyo huo haumwambii kama fedha ilitumika vizuri au vibaya. Unampa uwezo wa kuamua mwenyewe.

Tahadhari moja: hesabu ukiifanya wewe, sema ni yako. Usimtwike Waziri au wakala wa barabara, TANROADS, namba ambayo hawakuitamka.

Asilimia ndizo zinazotusumbua zaidi, na hapa nitatumia sensa. Mwaka 2012 Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 2,772,509. Miaka kumi baadaye wakawa 3,699,872. Ongezeko ni watu 927,363, sawa na asilimia 33. Yote ni sahihi, na yote yatapita sikioni kwa msikilizaji wa redio kama upepo. Sasa msomee hivi: palipokuwa na watu watatu mwaka 2012, mwaka 2022 pana wanne. Mwalimu mkuu anaiona hapohapo kwenye dawati. Diwani anaiona kwenye foleni ya bomba. Tarakimu kamili ziandikwe mara moja kwenye habari ya gazeti, kwa ajili ya anayetaka kuzihifadhi. Sehemu nyingine yote tumia milioni 3.7.

Tuseme sasa kamati ya maji ya kijiji ilikuwa ikikusanya ada kutoka kwa asilimia 10 ya kaya, ikafika asilimia 15. Huo ni ukuaji wa asilimia tano? Hapana. Ukusanyaji umeongezeka kwa pointi tano za asilimia, na idadi ya wanaolipa imekua kwa nusu ya ilivyokuwa. Ukichanganya hayo mawili unamdhulumu mtu, ama kwa kumsifu kupita kiasi au kwa kumshusha. Na "samaki wamepungua mara tatu" ifutwe kabisa. Kama mavuno yalikuwa tani 9 na sasa ni tani 3, yamebaki theluthi moja.

Vipimo vyetu vya ziwani vina mchanganyiko wake. Tundu la wavu linapimwa kwa inchi, mtumbwi kwa futi, samaki kwa sentimita, mzigo kwa kilo. Usimbadilishie mvuvi inchi zake, maana ndizo anazonunulia nyavu dukani, lakini ndani ya aya moja usilinganishe futi na mita. Muda nao: taarifa ya shirika la nje ikisema 2 mchana, kwetu ni saa 8 mchana, na tiketi iliyoandikwa 21:00 ni saa 3 usiku. Kosa la saa sita linamwacha abiria bandarini. Na wenzetu wanaofanya biashara na Kongo wajue kwamba ankara ya huko yenye 1.500 inaweza kumaanisha elfu moja na mia tano, kwa kuwa nukta yao hufanya kazi ya mkato wetu.

Kwa watu wa redio, neno moja tu. "Elfu ishirini na tano" msikilizaji mmoja ataisikia kama 25,000 na mwingine kama 20,005. Kwenye karatasi ya kusomea andika "ishirini na tano elfu", na zikifika mamia ya maelfu tumia laki, ambayo haina utata.

Namalizia kwa ombi kwa wahariri wa Mwanza, Bukoba, Musoma na Geita. Habari za vyombo vya majini tusizisubiri hadi pawe na msiba. Chombo kinapozinduliwa, kinapotoka matengenezo, sikukuu zinapokaribia na watu kujazana gatini, tuchapishe uwezo wake kwa tarakimu kubwa, na pembeni yake idadi ya waliopanda siku mwandishi wetu alipokwenda kuhesabu. Abiria akijua kwamba kivuko anachokipanda kinabeba watu 101, anaweza kugeuka nyuma akahesabu mwenyewe, na akashuka.