Nyungunyungu na Sanduku Letu
(Maneno ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Mitwero)

 

Hesabu za sanduku mweka hazina amekwisha kuzisoma, hatuna haja ya kuzirudia. Sisi tumepewa nafasi ya kueleza jambo moja tulilojifunza katika miaka hii kumi, na tumechagua nyungunyungu. Mnacheka! Chekeni tu. Hata sisi tulicheka siku bibi shamba alipokuja kutwambia tufuge minyoo. Bibi mmoja akasimama akasema, ati sisi watoto wetu tunawapa dawa ya minyoo shuleni, leo tuifuge nyumbani? Ikabidi aelezwe kwamba minyoo ya tumboni ni mingine kabisa, huyu ni nyungunyungu wa udongoni, yule wa kutilia kwenye ndoana.

Lakini tuanze na lililotufikisha huko, maana wageni hawalijui na wenyeji hawapendi kulisema.

Mwaka 2022 mfuko wa mbolea ya dukani wa kilo 50 ulipanda bei ukapita laki moja, kabla ruzuku ya Serikali haijaanza kufanya kazi msimu wa 2022/23. Wenzetu saba walikuwa wamekopa kwenye sanduku wanunue mbolea ya bustani, walime mchicha, bamia na nyanya wakauze sokoni Lindi. Udongo wetu mnaujua, ni kichanga. Unamwagilia asubuhi, saa nne pamekauka kama hapajapita mtu. Mbolea ile inayeyuka, inashuka na maji, mizizi inabaki inatazama. Mikopo saba, ikarudi mitatu. Kwenye kikao yakasemwa maneno. Mwenzetu mmoja, ambaye ndiye aliyetufundisha kuandika daftari la hisa tangu siku ya kwanza, aliitwa mwizi mbele za watu. Hakuwa mwizi. Nyanya zake zilikauka, basi. Akatoa hisa zake, akaenda zake.

Baada ya hapo ndipo bibi shamba akaja na habari ya mbolea isiyonunuliwa. Alitwambia hata Mwingereza Charles Darwin aliandika kitabu kizima juu ya nyungunyungu, mwaka 1881. Tukasema haya, kama wazungu walikaa wakaandika kitabu, nasi tujaribu.

Mara ya kwanza tulichimba nyungunyungu bondeni, tukawatia kwenye boksi la mbao. Baada ya siku chache boksi tupu. Wale ni wa kukaa chini sana, hawataki kufungiwa. Wanaofaa ni wale wembamba wekundu wanaokaa juu juu, kwenye lundo la samadi kuukuu au chini ya mgomba uliooza. Mara ya pili tukawapata hao hao wekundu, tukawawekea samadi mbichi, imetoka kwa ng'ombe asubuhi. Samadi mbichi ikirundikwa inachemka. Tulipofunua walikuwa wamekufa wote, na harufu yake tusiizungumze kwenye sherehe.

Tukakata tamaa. Kisha tukapata msiba wa jirani, tukaenda kukaa matanga, na nyumba ya pili yake ilikuwa ya yule mwenzetu. Tukaona bustani. Ilikuwa Septemba, jua kali, visima viko chini, na mchicha wake una majani kama viganja vya mkono. Nyuma ya jiko ana pipa lililopasuliwa nusu, juu kaezeka makuti. Nyungunyungu tele. Hakutuficha kitu. Tuliomba radhi pale pale, hatukungoja kikao, naye akatufungia kopo la nyungunyungu kwenye jani la mgomba kama mtu anayefunga ubani.

Haya ndiyo aliyotufundisha, na mengine tumeongeza wenyewe.

Chombo kiwe chochote: ndoo mbovu, boksi, pipa nusu, ilimradi kina matobo chini maji yatoke, na kiko kivulini mchana kutwa. Joto la pwani ndilo adui wa kwanza. Chini tandika makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, au maboksi ya karatasi yaliyoloweshwa. Lakini makumbi yaliyofukiwa baharini yaoshwe kwa maji baridi mara nyingi, maana chumvi inawaua. Juu yake weka samadi iliyokaa wiki tatu au zaidi. Zamani samadi ya ng'ombe hapa kwetu ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Tangu wafugaji waliotolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 walipoletwa mkoa huu inapatikana. Mengine yaliyokuja na mifugo ile wakulima wanayajua, leo si siku yake.

Halafu watie nyungunyungu, uwafunike na gunia. Gunia lililowekewa salfa ya mikorosho usilitumie hata ukilifua. Unyevu uwe kama kitambaa ulichokamua: ukifinya mkononi litoke tone moja mawili, siyo mchirizi. Chakula ni maganda ya papai, ya ndizi, ya muhogo, majani ya mboga, majani ya chai. Kilo moja ya nyungunyungu inakula kama nusu kilo kwa siku, wasiomaliza usiwaongeze. Usitie ndimu nyingi, pilipili, machicha ya nazi, wala chakula kilichobaki chenye chumvi na mafuta. Na vichwa vya samaki, jamani! Tunajua Mitwero hakuna jiko lisilo na vichwa vya samaki. Mwenzetu alitia vya siku moja tu, usiku siafu wakaingia, asubuhi hakukuta nyungunyungu hata wa dawa. Sasa vyombo tunaviweka juu ya vigingi, kila kigingi ndani ya kopo la maji. Kuku nao wafungiwe mbali.

Baada ya miezi miwili mitatu utaona kitu cheusi, chepesi, kinanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Kimwage juani kwenye turubai kwa vichuguu. Nyungunyungu hawapendi mwanga, watakimbilia chini, wewe unachota juu kidogo kidogo. Tia konzi moja kwenye kila shimo la mche. Kitaluni changanya sehemu moja ya mbolea na sehemu tatu za udongo. Maji yanayochuruzika chini ya chombo yazimue mara kumi ndipo umwagilie.

Tusidanganyane lakini. Mbolea hii haiui wadudu, na huwezi kuitia shamba zima la mikorosho, utafuga nyungunyungu mpaka uzeeke. Ni ya bustani ya nyumbani. Ila kwenye kichanga chetu inashika maji, na hilo peke yake limetupunguzia ndoo za kubeba kichwani. Tangu tuanze hakuna mwanachama aliyekopa fedha ya mbolea ya bustani.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, mvua ile iliyokata barabara ya kwenda Dar es Salaam kule Somanga, vyombo vyetu vilijaa maji, nyungunyungu wakatoka wakasambaa uani, kuku wakala sikukuu. Tulirudi kwa mwenzetu yule yule. Lake lilikuwa chini ya makuti mazito, halikuguswa. Akatugawia tena.

Leo amekaa pale mstari wa pili, mwenye kitenge cha kijani. Hisa bado hajarudisha, wala hatumlazimishi. Kiti chake kipo na namba yake kwenye daftari hatujampa mtu.

Kuna waliopendekeza kikundi kijenge bwawa moja kubwa la nyungunyungu tuuze mbolea. Sisi kamati tumeona kila mmoja awe na chombo chake kwanza. Likifa moja, mengine yapo. Mkutano wa mwezi ujao utaamua.

Anayetaka mbegu aje Alhamisi baada ya alasiri, na kopo lenye mfuniko uliotobolewa na samadi yake mwenyewe iliyokaa. Asiyekuwa na samadi aanze kuitafuta leo, arudi baada ya wiki tatu.